UZI: Profoma tatu za tovuti ya duka Mwanza, bei zimepishana mbali. Nani apewe kazi?

Ng'wanaKirumba

Mwangaluka wakuu. Duka ni la vipuri vya injini za boti, lipo Kirumba jirani na mwaloni, pale boti za samaki zinapotia nanga. Wateja ni wavuvi na wenye boti za abiria. Wengine wako Ukerewe, Sengerema, Musoma hadi Bukoba, na wengi huuliza kwanza kama kipuri kipo kabla ya kufunga safari. Inatakiwa tovuti ya kuonyesha vipuri na kupokea maulizo.

Mezani kuna profoma tatu: 350,000, 1,100,000 na 2,800,000. Zote zimeandikwa karibu maneno yaleyale, "tovuti ya kisasa, kurasa 5 hadi 8, domeni na seva bure mwaka mmoja". Tofauti ya pesa iko wapi, na mnapimaje nani apewe?

FundiSeva

Mwangaluka mhola mkuu. Profoma hizo huwezi kuzilinganisha zilivyo, maana kila moja imefungasha vitu vitano kwenye mstari mmoja: domeni (jina la anwani ya tovuti), seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), kazi ya kuunda kurasa, maudhui (picha na maelezo), na matunzo ya baadaye. Warudishie wote watatu, waandike bei ya kila kimoja peke yake na bei ya mwaka wa pili. Huenda ukakuta ile ya 350,000 ni kiolezo cha tayari kitakachobadilishwa rangi na nembo, picha na maelezo ulete wewe, matunzo hakuna. Hilo si kosa, ni kazi ndogo kwa bei ndogo. Shida huanza pale mnunuzi anapodhani amenunua vyote vitano.

Neno "bure mwaka mmoja" lisome kwa makini. Kinachotolewa bure mara nyingi husajiliwa kwa akaunti ya aliyekitoa. Domeni ni sawa na laini ya simu ya duka: imeshachapwa kwenye risiti, kwenye kibao, hata ubavuni mwa boti ya mteja. Ukimwachia mtu aisajili kwa alama yake ya kidole, siku mkikosana laini inabaki kwake. Kwa hiyo, kabla hujalipa hata advansi, fanya hivi:

1. Fungua barua pepe mpya ya duka, ya mwenye duka na si ya kijana wa kaunta. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa namba ya simu ya mwenye duka.
2. Kwa barua pepe hiyo fungua akaunti kwa msajili wa domeni. Ukitaka .co.tz, hakikisha ni msajili aliyeidhinishwa kwa .tz.
3. Sajili na ulipe mwenyewe. Sehemu ya mmiliki andika jina lilelile lililoko kwenye cheti cha BRELA, wale wa usajili wa biashara.
4. Fundi akupe anwani za seva, uziingize kwenye akaunti yako. Ni kazi ya dakika kumi, na hahitaji neno lako la siri.

Seva nayo iwe hivyohivyo: akaunti yako, fundi anaingia kwa ruhusa unayoweza kuifuta. Na akikuambia "nitakuhamishia baadaye", ujue .com mpya kwa kawaida haihamishwi kwenda kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za kwanza.

Yule kati ya watatu atakayekataa hatua hizi nne, mwondoe kwenye orodha hata kama kazi zake zinavutia.

Mchora_Kurasa

Naunga mkono. Naongeza jinsi ya kupima kazi zao, kwa sababu wengi huangalia picha za tovuti walizotumiwa WhatsApp wakaridhika. Picha haionyeshi kitu.

Omba anwani za tovuti tatu walizotengeneza, angalau moja iwe na umri wa zaidi ya mwaka. Zifungue kwa simu ya kawaida, kwa bando, si kwa WiFi ya ofisini kwao. Simama mwaloni saa nne asubuhi wakati mtandao umeelemewa, maana hapo ndipo mteja wako atakapokuwa. Kisha ingiza anwani hizo kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, ni bure, na uchague matokeo ya simu. Angalia namba inayoitwa LCP, yaani muda mpaka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane. Google wanaita nzuri ikiwa sekunde 2.5 au chini, na mbaya ikizidi 4. Angalia pia CLS, ikivuka 0.1 ujue ukurasa unarukaruka: mtu anataka kubonyeza namba ya simu, kitufe kinasogea, anabonyeza kingine.

Sababu kubwa ya uzito ni picha. Picha ya simu janja huwa na MB 3 hadi 5. Ukiziweka sita kama zilivyo kwenye ukurasa wa mwanzo, umemkata mteja MB 18 hadi 30 za bando lake kabla hajaona bei. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi upana wa piseli 1200 na kuhifadhiwa kwa WebP (aina nyepesi ya faili la picha), nyingi zinashuka chini ya KB 150 kila moja, na kwa jicho huoni tofauti kwenye simu. Fundi anayejua kazi anafanya hivi bila kuombwa.

Kwenye zile tovuti tatu bonyeza kila kitu. Kitufe cha WhatsApp kinafungua namba sahihi? Fomu ya mawasiliano ukiijaza, mwenye biashara anaipata? Kuna kurasa zimebaki na maandishi ya Kilatini ya kiolezo? Halafu mpigie mwenye biashara mmojawapo umuulize maswali matatu tu: Nani analipia domeni yako? Ukitaka kubadilisha bei ya bidhaa unafanya mwenyewe au unamsubiri fundi? Mara ya mwisho kitu kiliharibika, ilichukua siku ngapi kurekebishwa? Majibu hayo yana uzito kuliko hati nzima ya kujisifu.

Igoma_Net

Wakuu, nina tofauti kidogo. Kwa duka la aina hii mimi ningeanza na wasifu wa biashara kwenye Google, ule unaotokea kwenye ramani, kabla ya tovuti. Ni bure. Mvuvi anaandika "vipuri vya injini ya boti Mwanza", ramani inakuja juu, anaona namba, anapiga. Google watataka uthibitishe, mara nyingi kwa video fupi inayoonyesha mtaa, kibao cha duka na wewe ukiwa ndani mahali ambapo mteja hawezi kufika, mfano nyuma ya kaunta au ukifungua stoo. Irekodi mfululizo bila kuikata. Kibao kisiposomeka jina lilelile uliloandika, maombi yanakwama.

Kampuni nyingi zinauza usajili huu kama huduma. Sawa, zilipwe kwa muda wao, lakini mmiliki wa wasifu awe wewe, wao wawe wasimamizi. Ni vyeo viwili tofauti kwenye mfumo wa Google: mmiliki anaweza kumwondoa msimamizi, msimamizi hawezi kumwondoa mmiliki.

Ningesubiri miezi miwili mitatu, nione watu wanauliza nini, ndipo niagize tovuti.

FundiSeva

@Igoma_Net ramani ianze, hapo tuko pamoja. Kusubiri ndiyo sikubaliani nako kwa duka hili. Wasifu wa ramani haufai kwa vipuri mia tatu vyenye namba zake, na maulizo ya wateja wa mbali ni hayohayo: kipo au hakipo, kinaingia injini gani. Saluni au mgahawa ningesema subiri.

Mchora_Kurasa

Hapo kwenye namba za vipuri ndipo kampuni tatu zitatofautiana kweli, kwa hiyo ng'ang'ania hapo mkuu.

Chukua kipuri kimoja, tuseme impela ya pampu ya maji. Ukurasa wake ulio sawa una: jina analotumia mvuvi na jina la kitaalamu, namba ya kipuri kama ilivyo kwenye pakiti, orodha ya injini inazoingia kwa aina na nguvu (ya 15, ya 25, ya 40), halisi au mbadala, bei au neno "uliza bei", na picha mbili. Picha ya kwanza impela iwe kwenye karatasi nyeupe kando ya rula, mapezi yakihesabika na tundu la katikati likionekana kama lina mfereji wa ufunguo. Ya pili ni pakiti, namba isomeke. Mtu wa Nansio kule Ukerewe aliyeshika impela yake iliyokatika atalinganisha na picha, ataagiza bila kukosea. Impela isiyolingana ikifungwa, maji ya kupoza hayapandi vizuri na injini inachemka ziwani, kwa hiyo picha hizo si pambo.

Waulize wote watatu swali moja: "Nikiwa na vipuri 300 kwenye Excel, mnaviingizaje?" Anayejibu kwamba atapakia faili lote kwa mkupuo, safu moja kipuri kimoja, anajua. Anayesema atatengeneza ukurasa mmojammoja kwa mkono atakutoza kwa kila kipuri, na bei ikibadilika mtaanza upya. Uliza pia sanduku la kutafutia: ukiandika namba ya kipuri bila vistari vyake, kinatokea? Wajaribu kwenye kazi zao.

Kitufe cha WhatsApp kinakosewa mara nyingi kuliko unavyodhani. Kiungo kinaanza na wa.me/255 kisha tarakimu tisa za namba bila sifuri ya mbele. Wakiandika 07 kama tulivyozoea, mteja anaambiwa namba haipo. Na kinaweza kubeba ujumbe wa tayari, "Naulizia kipuri namba fulani", ili kijana wa kaunta asianze kuuliza "kipi?".

Buzuruga2

Samahani naingilia. Je, malipo ya mtandaoni? Yule wa 2,800,000 nahisi ameweka "mfumo wa malipo". Una faida kwa duka dogo?

Igoma_Net

Una kazi yake, ila si mwanzoni. Kuunganisha tovuti na M-Pesa, Airtel Money na wengine hupitia kampuni za kati kama Selcom, AzamPay au Pesapal. Utatakiwa kuwasilisha hati za biashara, TIN na akaunti ya benki, na kila muamala unakatwa. Kwa vipuri ambavyo mteja lazima azungumze kwanza ajue kinaingia au hakiingii, Lipa Namba iliyoandikwa kwenye tovuti inatosha. Muuzaji anathibitisha pesa, anafunga mzigo, anaupeleka kwenye meli au basi.

Ukiona mstari huo kwenye profoma, omba uondolewe na bei ishuke. Ukija kuuhitaji, utaongezwa bila kubomoa tovuti, mradi imejengwa kwa mfumo wa kawaida kama WordPress. Hilo nalo waulize: imejengwa kwa nini, na fundi mwingine wa hapa mjini anaweza kuiendeleza? Mfumo waliouandika wenyewe ambao hakuna mwingine anayeujua unakufunga kwao.

MamaHesabu

Wanangu, mmesema ya ufundi, mimi niseme ya karatasi.

Mkataba hata wa kurasa mbili uwepo. Malipo yagawanywe kwa kazi iliyoonekana, si kwa tarehe. Mgawanyo ninaouona wa haki: asilimia 40 wakianza, 30 tovuti ikiwa kwenye anwani ya majaribio ikiwa na vipuri angalau 20 halisi, 30 baada ya makabidhiano. Anayetaka asilimia 100 mbele hana sababu ya kumaliza. Na anayekubali kulipwa yote mwisho, mara nyingi anaiweka kazi yako nyuma ya wanaolipa.

Iandikwe idadi ya marekebisho, mfano mizunguko miwili ya muundo. "Marekebisho bila kikomo" huzaa ugomvi. Iandikwe pia kwamba duka lisipoleta picha na maelezo kwa siku 14, muda unasogezwa. Kazi nyingi hukwama kwa sababu ya mteja, na fundi naye ana haki.

Hakimiliki iandikwe wazi: baada ya malipo ya mwisho, muundo, maandishi, nembo na msimbo uliotengenezwa kwa ajili ya duka ni mali ya duka. Ukinyamaza, msitegemee kwamba kulipa peke yake kumekupa. Picha ziwe zenu au zenye leseni, si za kuokota Google.

Fomu inayochukua jina na simu ya mteja inakusanya taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamgusa hata mwenye duka dogo. Waulize taarifa zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, zinafutwa lini. Kama WhatsApp inatosha, fomu iondoeni kabisa.

Mwisho, dai risiti ya EFD. Na muulize mhasibu wako kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma kabla hujasaini, ili fundi asije kuona pesa imepungua akadhani umemdhulumu.

FundiSeva

Shikamoo Mama Hesabu, umemaliza. Naongeza matunzo, maana hapo ndipo tovuti nyingi hufia.

WordPress yenyewe, kiolezo na plagini zote (programu ndogo za nyongeza) hutoa masasisho mara kwa mara, na mengi huziba matundu ya usalama. Tovuti isiyoguswa mwaka mzima iko wazi kwa wavamizi wanaotafuta kwa mashine, hawachagui duka kubwa wala dogo. Hatari nyingine ni plagini za kulipia zilizovunjwa leseni: fundi anazipakua bure, ndani kuna mlango wa nyuma. Miezi kadhaa baadaye mteja akitoka Google anapelekwa kwenye tovuti ya kamari, wakati wewe ukiandika anwani moja kwa moja unaona kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo dai orodha ya plagini zote, na za kulipia zije na leseni kwa barua pepe ya duka.

Mkataba wa matunzo useme: masasisho angalau mara moja kwa mwezi, nakala ya akiba kila wiki, na nakala moja kila mwezi ije kwenye hifadhi yako nje ya seva. Nakala iliyo kwenye seva ileile inapotea pamoja na seva. Iwe na vitu viwili, mafaili na hifadhidata. Mafaili peke yake ni rafu bila bidhaa. Na siku ya makabidhiano waombe wairejeshe nakala hiyo mbele yako kwenye anwani ya majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu.

Cheti cha usalama, ile https, kisiwe mstari wa pesa nyingi. Let's Encrypt hutoa bure na seva nyingi hukihuisha zenyewe.

Barua pepe za jina la domeni: waweke SPF, DKIM na DMARC kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni. Ni alama tatu zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli. Tangu Februari 2024 Gmail wamekaza masharti haya, bila hayo profoma unayotuma kwa mradi au hoteli inaweza kuangukia kwenye taka. Jaribu hivi: tuma barua kwenda Gmail, ifungue kwenye kompyuta, chagua "onyesha asili". Zote tatu ziandikwe PASS.

Tarehe ya domeni kuisha iwe kwenye kalenda ya simu yako, siku 30 kabla. Kwa .com, baada ya muda wa neema wa msajili, ambao unatofautiana, huja siku 30 za kuikomboa kwa faini kubwa, kisha siku 5, kisha yeyote anaweza kuichukua.

Ng'wanaKirumba

Nimewasoma wote, asanteni sana. Ujumbe utakaokwenda kwa wote watatu leo ni huu, mnirekebishe:

"Habari. Kabla ya uamuzi naomba kwa maandishi: (1) Bei ya domeni, seva, kuunda, maudhui na matunzo, kila kimoja peke yake, mwaka wa kwanza na wa pili. Domeni na seva nitasajili mwenyewe. (2) Anwani za tovuti tatu mlizotengeneza, moja ya zaidi ya mwaka, na ruhusa ya kumpigia mwenye biashara mmoja. (3) Mtaingizaje vipuri 300 kutoka Excel, na kutafuta kwa namba kutafanyaje kazi. (4) Ondoeni mfumo wa malipo. (5) Orodha ya plagini na leseni zake. (6) Malipo 40, 30, 30 kwa hatua. (7) Ratiba ya nakala za akiba."

MamaHesabu

Marahaba FundiSeva. Mwanangu Ng'wanaKirumba, ujumbe uko vizuri. Ongeza (8): jina na simu ya mtu mmoja atakayeshughulikia kazi yenu, na nani atashika nafasi yake akiondoka. Na weka tarehe ya mwisho ya kujibu, siku saba.

Mchora_Kurasa

Kwenye (3) waambatanishie safu kumi za Excel na picha mbili za impela, moja ikiwa na rula. Waombe waonyeshe ukurasa wa kipuri hicho kimoja kwenye anwani ya majaribio. Kwa anayejua ni kazi ya chini ya saa moja. Kama wakiona ni kazi ya kulipwa, walipe, itakuwa ndogo kuliko advansi ya kampuni usiyoijua.

Ng'wanaKirumba

Nimeongeza zote mbili. Rula inatafutwa, picha zinapigwa mchana huu kabla ya jua kugeuka. Profoma mpya zikirudi nitaziweka hapa bila majina ya kampuni, tuzichambue pamoja.